Mwenzetu kamwandika mlezi wa kituo kuwa ndiye mama yake kwenye fomu ya kufa na kuzikana. Kamati imegawanyika, nyie mnasemaje?

Mtunza Daftari (mleta mada) #1

Wakuu, salaam.

Mimi ni katibu wa mfuko wa kufa na kuzikana hapa kazini. Mfuko ni wa kawaida kama ya kwenu: tunakatwa kila mwezi, mtu akifiwa na mzazi, mwenza, mtoto au mkwe anapewa laki tano na Coaster ya kupeleka watu msibani. Mwaka huu tumeamua kila mtu ajaze fomu upya, maana kuna watu walishafiwa na baba mara mbili. Mnanielewa.

Sasa kuna mwenzetu mmoja, kijana mpole, mchapakazi. Nafasi ya baba kapiga mstari. Nafasi ya mama kaandika jina la mama mmoja, na kwenye uhusiano kaandika "mama". Mjumbe wetu mmoja ni mwenyeji wa mkoa ule, akalitambua jina: huyo mama alikuwa mlezi kwenye kituo cha watoto yatima. Ndipo ikajulikana kwamba jamaa kalelewa pale tangu mchanga. Na miaka yote hiyo ametuambia mama yake ni nesi mstaafu, kwao ni Kilosa, na kila Desemba anaaga kwamba anakwenda nyumbani.

Wajumbe wengine wanasema katiba inataka mzazi, na yule mama kalea watoto zaidi ya sitini. Kila mmoja akimwandika huko aliko, msiba wake utageuka mradi. Wengine wanasema kijana aachwe, pesa yenyewe anakatwa kama sisi.

Mimi nina swali la pili: kwa nini afiche? Kwa maoni yangu wanaoficha ndio wanaofanya jambo lionekane la aibu. Karibuni.

Ngosha wa Misungwi #2

Nimewahi siti ya mbele.

Laki tano na Coaster, mnakatwa shilingi ngapi? Nitume barua ya kuomba kazi.

Bint Kilwa #3

Mleta mada, wewe ni katibu wa mfuko au mpelelezi? Mtu kajaza fomu ya siri, umeileta mtandaoni na wilaya juu. Kesho ofisi nzima inasoma.

Mtunza Daftari #4

Vitu vya kumtambulisha nimevibadilisha. Tujadili hoja dada.

Wakili wa Kijiweni #5

Katiba ya mfuko ni makubaliano yenu wenyewe. Mkitaka kuandika "mzazi, mlezi au kinyozi", hakuna wa kuwazuia.

Ila mkitaka sheria inasemaje: mlezi wa kituo si mzazi. Uzazi usio wa damu unapatikana kwa kuasili, na hiyo ni amri ya Mahakama Kuu. Mlezi ni mwajiriwa, anaweza kuhamishwa au kustaafu. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009, kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya jina, uraia, na kuwajua wazazi wake wa kumzaa pamoja na ukoo wake. Sheria hiyo hiyo inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Akitimiza 18 anafunguliwa geti, ukoo kaujua au hakuujua.

Ya utu muongee nyie, mimi nimemaliza.

Kumi na Saba #6

Mimi nimelelewa kituoni. Jina ninalotumia hapa ndiyo namba iliyokuwa imeshonwa kwenye kola za nguo zangu ili zisichanganyike wakati wa kufua.

Unauliza kwa nini tunaficha. Ukishasema tu, mazungumzo yanageuka hapo hapo. Mtu aliyekuwa anakutania anaanza kukuongelesha kama umelazwa. Halafu maswali: waliokuzaa wako wapi, hujawahi kuwatafuta, mlikuwa mnakula nini. Na kuanzia siku hiyo kila unachofanya kinaelezwa kwa kituo. Ukikasirika ni kituo. Ukiwa mbahili ni kituo. Ukifanikiwa, Wazungu walimsomesha.

Kuna sehemu niliwahi kufanya kazi pesa ikapotea. Tulikuwa watano tunaotumia ile meza, wa kwanza kuitwa nikawa mimi. Jioni ikaonekana imeangukia nyuma ya droo. Hakuna aliyesema neno, na aliyeniita akaniaga kama kawaida. Kazi iliyofuata nikaingia nikiwa na kwetu: Dodoma, baba marehemu, mama ana duka. Maisha yakaenda.

Mangi wa Mkuu #7

Dah, pole sana dada.

Ngosha wa Misungwi #8

Mangi bwana! Katoka kusema mnaanza kuwaongelesha kama wamelazwa, wewe unaleta pole na chungwa.

Mjukuu wa Gmeiner #9

Naomba nipingane na #6 kwa heshima. Mimi pia nimelelewa, na sijawahi kuficha hata siku moja.

Jina langu hapa linatokana na Hermann Gmeiner, aliyeanzisha vijiji vya SOS vya kulea watoto kule Imst, Austria, mwaka 1949. Mpango wake ulikuwa nyumba moja, mama mmoja, watoto kadhaa wakubwa kwa wadogo kama ndugu. Tanzania vilianzia Zanzibar, baadaye vikaja bara. Mama yangu ninaye hadi leo, kastaafu. Nina kaka na dada, tuna kundi letu la simu, tunagombana kwa michango kama ukoo wowote. Nikiulizwa kwetu wapi nataja kijiji. Anayecheka acheke.

Kwa hiyo mleta mada yuko sahihi kidogo. Ukijificha unawapa watu silaha.

Kumi na Saba #10

@Mjukuu wa Gmeiner hongera, lakini usitupime wote kwa nyumba yenu. Wewe ulikuwa na mama mmoja. Mimi nililala bweni la vitanda vya juu na chini, na walezi walibadilika mshahara ukichelewa. Kuna mmoja nilimpenda sana, aliondoka Jumatano nikiwa shule, sabuni yake ikabaki bafuni. Baada yake nikaacha kuwaita mama, nikawa nasema "dada".

Na kila Jumamosi ilikuwa bethidei ya mtu tusiyemjua. Anakuja na marafiki, keki ina jina lake, tunapangwa kwa urefu tunaimba, tunapigwa picha tukiwa tumeshika juisi. Bethidei yangu mimi ni tarehe 1 Januari, kama ya nusu ya bweni, kwa sababu ndiyo tarehe inayowekwa pale isiyojulikana.

Bint Kilwa #11

Hizo bethidei za vituoni ningekuwa na uwezo ningezipiga marufuku. Mtu anapeleka kilo kumi za unga na wapiga picha wawili. Yule mtoto picha yake inazunguka mtandaoni mpaka anafika chuo, halafu mnauliza kwa nini anaficha. Mlishamtangaza, nini tena kilichobaki cha kuficha?

Mzalendo Halisi #12

Tuambiane ukweli na tusioneane haya. Wengi wanaotoka vituoni wana shida ya tabia. Hawana shukrani, hawajui maisha, wamezoea kuletewa. Nimewahi kukaa na mmoja nyumbani, hajui hata kwenda sokoni.

Kumi na Saba #13

@Mzalendo Halisi hilo la sokoni ni kweli, na sababu yake ni nyepesi. Sokoni alikuwa anakwenda mhasibu na pikapu. Mimi nilipotoka kuanza kujitegemea nilikuwa napika wali wa watu sitini bila kuunguza, lakini wa mtu mmoja sikuujua. Nilipika kilo mbili siku ya kwanza, nikala wali mpaka ukachacha. Kushusha bei sikujua. Muuzaji akisema elfu tatu natoa elfu tatu. Kukopa kwa Mangi dukani sikujua kama kunaruhusiwa. Mwenzangu wa nyumba ya kupanga akanifundisha yote kwa mwezi mmoja. Hiyo siyo tabia.

Hilo la shukrani sikujibu. Wewe ulimshukuru nani kwa kulishwa ukiwa na miaka sita?

Mangi wa Mkuu #14

Kwa Mangi kukopa kunaruhusiwa lakini daftari lina kumbukumbu kuliko ustawi wa jamii.

Shangazi Sekela #15

Wanangu, hamjambo. Mnazunguka, mimi niwaambie wazee wanaogopa nini.

Zamani kijana akitaka kuoa, watu walitumwa kwenda kuuchunguza ule ukoo kimya kimya. Kuna kifafa? Kuna ukichaa? Wana mkono mrefu? Kuna mtu aliwahi kumtupa mzee wake? Na kubwa kuliko yote, tusije tukawa ndugu. Huyu wa kituoni mchunguzi utamtuma wapi? Ndiyo hapo mzee anasema hapana, na hata akiulizwa sababu hana. Hajamchukia binti wa watu, ameogopa asichokijua. Huo ndio mzizi, hizo picha za keki zimekuja juzi.

Kumi na Saba #16

Shikamoo shangazi.

Kwangu walituma. Wajomba wawili wa mume wangu walifika kituoni, wakapewa soda, wakafunguliwa faili langu. Lina karatasi tatu: barua ya polisi, barua ya ustawi, na kadi ya kliniki. Kwenye barua ya polisi kumeandikwa rangi ya kanga niliyokutwa nayo. Kwa miaka yangu yote pale hakuna aliyewahi kunionyesha, nikaja kuambiwa na mjomba wa mchumba. Kijani na njano.

Mahari alipokea mlezi na mwenyekiti wa kituo, wakabishana kwanza nani asaini. Wakanunua magodoro. Mama mkwe alinikubali siku ile ile, baba mkwe harusini hakuja.

Shangazi Sekela #17

Marahaba mwanangu. Magodoro ni mahari nzuri kuliko ng'ombe wa siku hizi.

Mpemba wa Daresalama #18

Assalaam alaykum. Kwetu sisi jambo hili halina utata. Binti asiye na walii, yaani msimamizi wa kumwozesha, kadhi ndiye anayesimama. Kuhusu jina, sura ya Al-Ahzab aya ya 5 imesema waitwe kwa baba zao, na baba wasipojulikana basi hao ni ndugu zenu katika dini. Ad-Dhuha imekataza kumwonea yatima, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa yatima. Unyanyapaa huu ni wa mila, hauna msingi katika dini.

Mtoto wa Shangani #19

@Mpemba wa Daresalama, sheikh wangu, hayo ya mimbari sote twayajua, lakini nenda kapose uone. Mimi nimekulia Mjini Unguja wakati lile jengo la Forodhani, lile ambalo barabara inapita chini yake, lilikuwa nyumba ya mayatima. Watoto wale tukienda skuli pamoja, tukiwajua kwa viatu tu, vyote namna moja. Hakuna aliyewapiga wala kuwatukana. Lakini mtu mzima akiwataja alikuwa akishusha sauti, na sote tukijua anashusha kwa sababu ipi: anadhani huyu si yatima, huyu kazaliwa nje ya ndoa. Mtu aliyefiwa na baba anasikitikiwa. Anayedhaniwa hana baba, hapo ndipo pana maneno.

Semeni hilo. Msiseme kifafa.

Ta Mugisha #20

Sisi wa Kagera tuna jibu letu. Ugonjwa wa UKIMWI Tanzania ulionekana kwanza kwetu, mwaka 1983. Kabla ya hapo mtoto akifiwa alikwenda kwa baba mdogo, kwa shangazi, kwa bibi, na hakuna aliyemwita yatima kijijini, alikuwa mtoto wa nyumba ile. Miaka ya tisini ukikuta bibi ana wajukuu wanane na watoto wake wote wako migombani chini ya udongo, ndipo vituo vikaanza kuota. Kwa hiyo akilini mwa watu, mtoto wa kituo maana yake wazazi walikufa kwa ule ugonjwa, na huenda naye anao. Darasani kwetu kulikuwa na kikombe cha maji cha watoto wa kituo, kimefungwa kamba nyekundu kwenye mkono wake. Mwalimu alikikuta hivyo akakiacha hivyo.

Kwa hiyo jambo hili si la mababu hata kidogo, lina umri wangu.

Shangazi Sekela #21

@Ta Mugisha hapana baba. Misheni zililea watoto tangu zamani, mama alipofia uzazini na maziwa hakuna, mtoto alipelekwa kwa masista, akikua baba anakuja kumchukua. Wengine baba hakurudi. Nao waliitwa majina, nayakumbuka ila sitayaandika.

Wakili wa Kijiweni #22

Na kabla ya hapo. Bagamoyo, mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868, wakawa wanalea watoto waliokombolewa utumwani. Wengi hawakujua walikotoka. Kituo cha watoto wasio na ukoo kina zaidi ya miaka 150 nchi hii.

Msee wa Kayole #23

Na sisi huku Mombasa kulikuwa Freretown, 1875, kazi hiyo hiyo. Nasikia utamu wa mjadala, wacha niingie.

Huku Kenya yote hayo ya kifafa yanakuja baadaye. Kitu cha kwanza ni jina la pili. Ukilitaja tu, mtu ameshajua kabila, kura yako na ocha, yaani kijijini kwenu. Sasa mtoto aliyeokotwa anapewa jina na nani? Na nesi wa zamu, na polisi wa kituo, na mwenye makao. Nina rafiki alipewa jina la Kikuyu kwa sababu aliyekuwa kwa meza siku hiyo alikuwa Mkikuyu. Kikuyu chenyewe hajui hata kusalimia. Januari 2008, wakati wa zile ghasia za uchaguzi, alikuwa Eldoret, na ilibidi akimbie usiku kwa sababu ya hilo jina. Alihatarisha maisha kwa ukoo ambao haumjui.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 14(4), inasema mtoto anayeonekana hajafika miaka minane, akipatikana Kenya na wazazi hawajulikani, anachukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Nzuri sana kwa karatasi. Enda kuchukua kitambulisho ukiwa na 18, karani anakuambia leta kitambulisho cha mzazi. Ndiyo maana waliolelewa makaoni walianzisha chama chao, KESCA, tangu 2009, na serikali mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi wa kurudisha watoto kwa familia badala ya makao.

Ngosha wa Misungwi #24

Kwa hiyo shida ni jina, siyo kifafa, siyo UKIMWI, siyo keki. Tutaelewana lini?

Dereva wa Rusumo #25

Jina siyo. Mimi napeleka mzigo Kigali. Rwanda jina la baba kwa kawaida halirithiwi, kila mtoto anapewa lake, ndugu watano majina matano. Kwa nadharia ya @Msee wa Kayole kule hakungekuwa na shida. Lakini waliolelewa vituoni kule nao wanakwambia wanaulizwa "wewe wa nani?" Walichofanya tofauti: baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 wanafunzi walionusurika walianzisha umoja wao chuoni Butare, 1996, unaitwa AERG. Ndani yake waliunda familia. Wanachagua mwenzao awe baba, mwingine mama, wote wanafunzi, pengine wanapishana mwaka mmoja. Mmoja akioa, familia ile inasimama harusini kama upande wake. Nimeshuhudia harusi moja, "baba" wa bwana harusi alikuwa na miaka kama ishirini na saba, anaongea kwa niaba ya ukoo na watu wazima wanamsikiliza.

Na mwaka 2013 walianza kampeni ya kuondoa watoto vituoni kupeleka kwenye familia.

Mangi wa Mkuu #26

Hiyo ya Rwanda imenigusa. Ila kwetu sidhani kama inawezekana. Ukifika Moshi Desemba kwenda kuhesabiwa, huwezi kuwaambia wazee umekuja na baba wa miaka 27.

Ngosha wa Misungwi #27

Mkifika mnahesabiwa kwa kichwa au kwa gari?

Mangi wa Mkuu #28

Wewe subiri Mpare aje, ndiye mtani wangu. Msukuma hujapewa kibali.

Kumi na Saba #29

Mnajua hicho kitu ndicho kinachoniuma kuliko mahari? Utani. Kazini asubuhi nzima ni Mchaga na Mpare, Mzaramo na Mnyamwezi, Mngoni sijui na nani. Mimi nacheka tu. Hakuna anayeweza kunitania kwa sababu hawajui wanitanie kwa lipi, na mimi siwezi kumnyang'anya mtu chai yake nikasema ni mtani wangu. Siku moja nikajaribu kujiita Mgogo kwa sababu ya ule uongo wa Dodoma, Mgogo wa kweli akanisalimia kwa lugha. Nikaingia chooni.

Ngosha wa Misungwi #30

Kumi na Saba, kuanzia leo wewe ni Mzaramo, na chai yako naichukua. Malalamiko peleka kwa moderata.

Kumi na Saba #31

Haya. Na wewe viatu unavivua mlangoni au ndani?

Mbeba Maboksi Leicester #32

Nafanya kazi kwenye nyumba ya watoto huku Uingereza, kwa hiyo niseme kidogo. Huku kijana akitoka malezini anapewa afisa wa kumfuatilia hadi miaka 25, hiyo ni sheria tangu 2017. Faili lake lote ana haki ya kuliomba, siyo kuambiwa na mjomba wa mchumba. Kuna mshairi mwenye asili ya Ethiopia, Lemn Sissay, alilelewa huku, familia ya kwanza halafu vituo, wakimwita Norman. Jina lake halisi alilijua akiwa anatoka malezini. Baadaye akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Manchester.

Pamoja na yote hayo vijana wangu nao wanaficha. Huku mtu akisikia umelelewa na serikali anadhani ulifanya kosa ukafungwa. Mmoja wangu anaomba nimshushe mtaa wa pili, gari la kituo lisionekane shuleni. Kwa hiyo tukimaliza ukoo na kabila na posa, bado kuna kitu kinabaki ambacho sijui ni nini.

Mzalendo Halisi #33

Mnaona? Hata Ulaya. Kwa hiyo si ukoo wala nini, ni watu wenyewe kutojikubali.

Mjukuu wa Gmeiner #34

@Mzalendo Halisi usinitumie mimi kama ushahidi wako. Sifichi kwa sababu nilipewa mama. Ningepewa namba kwenye kola, ningeficha.

Na jambo lingine ambalo hamjalisema, wengi wetu wazazi tunao. Mimi baba yangu yuko hai. Mama alifariki, baba akashindwa, ustawi wakanichukua nikiwa mdogo. Nyumba yetu tulikuwa wanane, sita walikuwa na mzazi mmoja au wote wawili huko nje. Umaskini, ulevi, mama wa kambo, mtoto kupotea stendi. Watu wakisikia kituo wanatuwekea makaburi mawili kichwani, ukiwaambia baba yangu anauza mkaa Chalinze wanakuona tapeli uliyekula sadaka za mayatima.

Bint Kilwa #35

Hiyo ya kuonekana tapeli sikuwahi kuiwaza.

Mtunza Daftari #36

Wakuu, ahsanteni kwa michango. Mrejesho.

Nimekaa na jamaa leo chakula cha mchana. Nikamwuliza taratibu kuhusu lile la nesi. Kanijibu hivi: mama alikuwa nesi, alistaafu, ndipo akaenda kufanya kazi kituoni. Kwake ni Kilosa (wilaya siyo hiyo, nimeshasema nimebadilisha). Kila Desemba anakwenda kwake, analala kwenye kochi, mwaka jana kampaka rangi nyumba. Akaniuliza, "Katibu, uongo ni upi?"

Sikuwa na jibu hapo kwa hapo. Lakini bado nasema, alijua sisi tutaelewa kingine na akaacha tuelewe hivyo.

Kumi na Saba #37

Wewe katibu umewahi kutangaza kazini ulivyozaliwa?

Ngosha wa Misungwi #38

Kazaliwa na fomu mkononi huyo.

Wakili wa Kijiweni #39

Turudi kwenye kifungu. Nimewapa rasimu, irekebisheni: "Mzazi maana yake ni aliyemzaa, aliyemwasili au aliyemlea mwanachama, na kila nafasi itajazwa jina moja tu." Hoja ya watoto sitini haina nguvu. Wale wengine hawako kwenye mfuko wenu. Mnalipa mara moja kwa mwanachama mmoja kwa mama mmoja, hesabu haibadiliki hata shilingi.

Mtunza Daftari #40

Hiyo nimeipenda. Mweka hazina kauliza swali: mama aliyemzaa akijitokeza kesho, je?

Mjukuu wa Gmeiner #41

Wanajitokeza. Baba yangu alinitafuta nilipoanza kazi. Sijamfukuza, namtumia kidogo mwisho wa mwezi. Kwenye fomu ya kazini kwetu nimemwandika yeye, kwa sababu ukipeleka jina la mama wa kijiji cha SOS karani anataka cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa jina lake. Kwa hiyo aliyenilea hayumo, na aliyenikuta na mshahara yumo. Mama anajua. Alicheka akasema mradi Coaster ije.

Shangazi Sekela #42

Huyo mama ana hekima. Lakini baba yako naye usimwandike kwa hasira. Kuna wanaume wa miaka ile walioambiwa na maafisa kwamba mtoto atapata shule na chakula, wakasaini kwa dole gumba wakidhani ni bweni.

Mjukuu wa Gmeiner #43

Ndivyo anavyosema na yeye, shangazi. Sijaamua kama namwamini.

Msee wa Kayole #44

Chama chetu cha matanga hapa mtaani tulitoa hiyo safu ya uhusiano kabisa. Unaandika majina manne ya watu ambao wakienda utalia. Basi. Hakuna kuuliza.

Mtunza Daftari #45

Na hakuna wanaotumia vibaya?

Msee wa Kayole #46

Kuna jamaa aliandika kocha wa Gor Mahia. Tukamwambia kocha akifutwa kazi siyo kifo.

Ngosha wa Misungwi #47

Mimi namwandika Mangi, ana daftari langu.

Mtunza Daftari #48

Kikao ni Ijumaa saa nane. Napeleka rasimu ya Wakili na ya Kayole zote mbili, wapige kura. Mjumbe wa Morogoro ameshasema ataipinga yoyote isiyo na neno "kumzaa".

Bint Kilwa #49

Morogoro tena? Si ulisema umebadilisha mkoa?